Utaswirishaji: Istilahi Inayokiri Mkono wa Mtengenezaji

Kazi ya kugeuza takwimu kuwa umbo linaloonekana kwenye kioo cha kompyuta ilipewa nafasi yake kama taaluma mwaka 1987, McCormick, DeFanti na Brown walipotoa ripoti yao huko Marekani. Kwa Kiswahili wengi huiita uonyeshaji wa data. Utaswirishaji, kutokana na taswira, ni istilahi bora zaidi, na mahali pa kulipima dai hilo ni ardhi yenye dhahabu kama ya Kiabakari, wilayani Butiama, ambako mgodi mkubwa wa enzi ya ukoloni uliacha jina na mashimo.

Dhahabu iliyo chini haionekani, hivyo wajiolojia huchoronga. Kinachopanda juu ni mche wa mwamba wenye unene wa kifundo cha mkono. Hukatwa vipande, hupelekwa maabara, na kila kipande hurudi na tarakimu yake ya gramu kwa tani. Kati ya tundu na tundu huweza kuwa na makumi ya mita ambazo hakuna aliyezigusa. Programu huijaza nafasi hiyo kwa michemraba, na kila mchemraba hupewa kadirio kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, mwaka 1951. Kisha hupakwa rangi: nyekundu penye utajiri, buluu palipo hafifu. Mchemraba uliopitiwa na tundu na ule uliokisiwa tu hung'aa sawasawa. Anayeambiwa kwamba ameonyeshwa mashapo huamini ameyaona, ilhali kuonyesha hudai kitu kiwepo mbele ya macho. Kutaswirisha hukiri kwamba kuna mtu aliyeunda.

Yupo atakayesema taswira ni mali ya wahakiki wa fasihi. Hilo linaipa istilahi nguvu: taswira ya mshairi nayo huundwa, na msomaji huipima akijua hivyo. Mwingine atataka tutohoe, kama tulivyofanya kwa pikseli. Lakini pikseli ni kitu, na jina la kitu halihitaji kujieleza. Hapa tunataja tendo, na mnyambuliko wa Kiswahili humwambia msikilizaji ni tendo gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina halibadilishi hesabu. Ni kweli, ila hubadilisha tunachodai kutoka kwa anayehesabu. Mwaka 2004 mtafiti Chris Johnson aliweka uonekanaji wa makosa na mashaka miongoni mwa matatizo makuu ya taaluma hii, na watafiti wamekuwa wakijaribu ukungu, rangi zilizofifia na makadirio kadhaa yanayopishana kiooni. Haja imeongezeka: mbinu iliyotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Inria, Ufaransa, na wenzao hutumia picha za kawaida kuunda mandhari kwa mamilioni ya vidoa laini, kiasi kwamba shimo la mgodi laweza kuzungukwa kiooni kana kwamba uko ukingoni. Pembe ambayo kamera haikuifikia, kompyuta imeikisia.

Basi michemraba myekundu inapowekwa mbele ya mkutano wa kijiji, jina liwe utaswirishaji. Anayetazama taswira ana haki ya kuuliza matundu yalichorongwa wapi na mangapi. Anayeonyeshwa dhahabu hubakiwa na kupiga makofi.