Uthabiti wa Mkono: Lusenga ya Uvira na Fimbo ya Gofu

Miongoni mwa mambo yaliyowataabisha mafundi wa kila kazi ya mikono tangu zama za kale ni hili, kwamba mkono uliotenda jambo barabara jana hukataa kulitenda leo, ilhali mwenye mkono ni yule yule, chombo ni kile kile, na bidii haikupungua hata kidogo. Wacheza gofu wanalijua vyema, kwani mtu aweza kupiga mpira asubuhi ukanyooka mpaka alikoukusudia, na adhuhuri, kwa fimbo ile ile, ukapinda ukapotelea majanini. Lakini sisi wa Nyamianda, katika mji wa Uvira uliobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, hatukungoja gofu ili tulifahamu tatizo hilo, maana lilikuwamo tangu hapo katika uvuvi wa lusenga, na wazee wetu walikuwa na dawa yake.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakiutafuta mto uliosemekana kutoka ziwani kuelekea kaskazini, waliikuta bandari yenye shughuli nyingi, inayouza pembe za ndovu, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na, kwa masikitiko yetu sote, watumwa. Novemba 1871 wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, wakahakikisha kwamba mto huo, Rusizi, huingia ziwani wala hautoki. Biashara ile ya misafara ilikoma. Riziki ya ziwa haikukoma. Ndagala, samaki wadogo wa rangi ya fedha, hushinda mchana kutwa kinani, na usiku hupanda juu wakivifuata vidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao, na mikeke, samaki wanaowala ndagala, huwafuata wao. Kwa sababu hiyo uvuvi wa ndagala ulikuwa kazi ya usiku, na chambo chake kilikuwa mwanga.

Lusenga ni wavu wenye umbo la pia, uliofungwa katika duara la mti na kutiwa mpini mrefu. Moto uliwashwa mbele ya mtumbwi, makasia yakatulizwa, na mvuvi akasimama akingoja samaki wakusanyike chini ya nuru mpaka maji yakaanza kumetameta. Hapo ndipo ustadi ulipopimwa. Ilimpasa auzamishe wavu pembeni mwa kundi bila kulishtua, aupitishe chini yake, kisha auinue kwa mfululizo mmoja usiokatika; akifanya haraka, samaki hutawanyika, na akisita, hupita juu ya ukingo wa wavu. Aliyejaza wavu mara tatu akautoa mtupu mara ya nne hakuilaumu mikono yake kwanza, bali alitazama miguu yake imekaaje katika mtumbwi, na mikono imeshika mpini mahali gani, kwa maana mwili uliosimama kombo hauwezi kuleta mwendo ulionyooka, na mwenye pupa huinua wavu kabla ya wakati. Mbalamwezi ilipoenea, mwanga wa moto ukakosa nguvu na samaki wasikusanyike, watu walipumzika, wakashona nyavu zao.

Gofu ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza: klabu ya Entebbe iliasisiwa mwaka 1901, na ya Nairobi mwaka 1906. Fimbo za siku zile zilikuwa na mipini ya mti wa hikori, na kwa kuwa miti miwili haifanani, kila fimbo ilijipinda na kujisokota kwa namna yake, hata mchezaji akalazimika kuzoea tabia ya kila moja. Klabu ya St Andrews ilipohalalisha mipini ya chuma mwaka 1929, wengi walitaraji kwamba pigo sasa litakuwa moja daima. Haikuwa hivyo: chuma kiliondoa kasoro ya mti, kasoro ya mtu ikabaki pale pale. Ben Hogan, bingwa wa Marekani aliyesumbuliwa miaka mingi na mpira uliompinda kwenda kushoto, alirekebisha namna ya kushika fimbo, na alipotoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1957 aliweka mshiko katika somo la kwanza, na msimamo wa miguu katika la pili, ndipo akaja kwenye pigo lenyewe. Huo ndio utaratibu wa mvuvi wa lusenga, ingawa hakuna aliyejifunza kwa mwenzake. Hali kadhalika, vijana wa Kiafrika waliobebeshwa mifuko ya fimbo katika viwanja vile, ambao kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kucheza pamoja na wanachama, walijifunza kwa kutazama, kama kijana wetu aliyechochea moto mtumbwini huku akimtazama baba yake; na baadhi yao wakatokea kuwa wachezaji wa kulipwa.

Huku kwetu nako chombo kilibadilika. Karabai ilichukua mahali pa moto wa kuni, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu kubwa za kuinuliwa baina ya mitumbwi iliyounganishwa, pamoja na merikebu za Wagiriki waliovua kutoka bandari ya Usumbura. Nyavu hizo zilileta samaki wengi kuliko lusenga, na mwendo wa mtu mmoja ukawa mwendo wa kundi zima, linalovuta kamba kwa sauti moja. Sisemi kwamba hilo ni baya, kwa kuwa mji umekua na midomo ni mingi. Nasema tu kwamba ustadi wa mkono hauandikwi katika daftari za samaki waliopimwa, na hivyo hupotea upesi. Wangali hai wazee walioishika lusenga. Vijana na waende kwao wakaoneshwa namna ya kusimama, namna ya kushika, na namna ya kungoja, kwani mafunzo hayo matatu yatamfaa mvuvi, seremala, mhunzi na mcheza gofu pia, kila mara mkono utakapomgeuka.