Kuweka bunduki juu ya kifaru cha kuchezea bila kukipindua majini

Hapa Tunduma, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, mtoto hujua kuunda lori la waya kabla hajajua kusoma vizuri. Magurudumu ni ndala kuukuu, usukani ni fito ndefu. Wakubwa kidogo huunda pia vifaru, na wanaopenda zaidi ni vile vinavyokwenda nchi kavu na majini. Kinaelea vizuri kwenye beseni mpaka siku kinapowekewa bunduki ya rashasha juu, ile ambayo wazee waliita bombomu. Hapo kinalala ubavu na kuzama. Makala hii inaeleza sababu, na namna ya kuweka bunduki hiyo ikakaa.

Tuchukue mfano wa kifaru cha Kichina cha Type 63. Toleo lake jipya, Type 63A, limo katika jeshi letu, JWTZ. Toleo la kwanza lina uzito wa tani 18 hivi, upana wa mita 3.2, na bodi yenye urefu wa mita 7 na kidogo. Juu ya kichwa chake kinachozunguka kuna bunduki ya rashasha ya milimita 12.7 kwa ajili ya kulenga ndege. Bunduki hiyo imeigwa kutoka ile ya Kirusi iitwayo DShK, ambayo ina urefu wa mita 1.6 hivi na uzito wa kilo 34 bila kitako chake.

Sasa unda kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani kila sentimita 20 za kifaru halisi ziwe sentimita 1 kwako. Bodi itakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi na upana wa sentimita 16. Bunduki itakuwa sentimita 8. Hapa wengi wanapotea, kwa sababu uzito hauendi sawa na urefu. Ukipunguza urefu mara 20, upana mara 20 na kimo mara 20, uzito unapungua mara 8,000. Tani 18 zinakuwa kilo 2 na robo. Kilo 34 za bunduki zinakuwa gramu 4 na ushei, pungufu ya kijiko cha chai cha chumvi.

Msumari wa inchi 3, ambao ndio watoto wengi hupenda kuufanya mtutu, una zaidi ya gramu 6. Ongeza kitako cha bati na mpiga bunduki wa udongo, umeshapita kipimo mara kadhaa. Tena bodi ya mbao nyepesi au kopo haifiki kilo 2, kwa hiyo inaelea juu juu na kuyumba kwa urahisi. Uzito mdogo ulio juu kabisa unaipindua.

Basi mtutu uwe wa spoku ya baiskeli. Kipande cha sentimita 8 kina gramu 2 hivi, na unene wake wa milimita 2 unalingana na kipimo. Kitako kitengeneze kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Zungusha waya kwenye kizibo cha soda upate pete, kisha pinda kipande kingine kiwe kama manati ndogo, mguu wake ukae kwenye pete. Mtutu unakaa kati ya pembe mbili za manati hiyo, umeshikwa na pini inayopita pembeni. Pete ikizunguka, bunduki inageuka kushoto na kulia. Pini ikilegea kidogo, inainuka na kushuka. Bunduki halisi hufanya kazi hivyo hivyo.

Pete iwekwe juu ya kichwa cha kifaru, usitoboe sitaha ya bodi. Kila tundu la msumari ni mlango wa maji. Ikibidi kutoboa, ziba kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Halafu weka mchanga mkavu ndani ya bodi, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kubanwa sakafuni usihame, mpaka kifaru kikae nusu majini. Bunduki ikiwa upande wa kulia, mchanga uzidi kidogo kushoto.

Tatizo hili liliwakuta hata wanajeshi, na si mbali na sisi. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli, na kuzivusha milima ya Kongo zikivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe hadi Ziwa Tanganyika. Kila moja ilikuwa na mzinga mdogo mbele na bombomu ya Maxim nyuma. Boti zilikuwa nyepesi mno kwa mzinga ule, ikabidi upigwe kuelekea mbele tu. Hata hivyo, tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Mambo mawili tunawaomba wazazi. Ganda la risasi au chuma cha ajabu kilichookotwa porini kisitumike kamwe kupamba kifaru. Kiache kilipo na upeleke taarifa polisi, kwa kuwa kinaweza kulipuka, na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Pili, kijana asiende kupiga picha magari ya jeshi kambini ili aige. Picha za gwaride zilizo kwenye simu zinatosha.

Kabla ya kwenda mtoni, jaribu kwenye beseni. Sukuma kichwa cha kifaru kwa kidole mpaka bodi ilale kidogo, kisha achia. Kikirudi wima chenyewe mara tatu, funga pete kwa gundi. Kikisita, ongeza mchanga chini kabla ya kupunguza chochote juu.