Kabla ya Kufika Kipawa

Msafiri wa Milanzi anayetaka kwenda ng'ambo kwa ndege huanza kwa kupanda basi. Miongozo ya wasafiri haisemi hivyo. Huanzia kwenye mlango wa jengo la abiria: pasipoti mkononi, mizigo ipite kwenye mashine, fika saa tatu kabla ya kuruka. Kwetu Sumbawanga mambo ni tofauti. Unaondoka stendi alfajiri na baridi ya Ufipa ikiwa bado imeshika vidole, unateremka hadi Laela, Tunduma, kisha Mbeya. Mwenye nauli ya ndege anaishia Songwe, kiwanja kilichoanza kazi Desemba 2012, na kuruka kwenda Dar es Salaam. Asiyekuwa nayo anabaki kwenye kiti chake zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani, akishuka huko na miguu imevimba.

Hata lami tunayopita ni ya juzi. Kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, katika mkataba uliosainiwa Februari 2008. Waliosafiri kabla ya hapo wanajua vumbi la kiangazi na matope ya masika.

Na ukishafika kwenye kaunta Dar, ukitaja unakotoka, jiandae kwa utani. "Kumbe wa Sumbawanga! Ungo umeutoboa?" Nimeulizwa hivyo si mara moja. Watanzania wengi wanalijua jina la mji wetu kwa uchawi kuliko kwa mahindi na ulezi, ingawa tafsiri inayosimuliwa nyumbani ni kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", yaani utupe kabla ya kuingia. Utani haunikeri sana. Kinachonishughulisha ni kile ambacho umebeba ndani yake bila kusema: kwamba ndege na Ufipa ni vitu viwili visivyokutana, na mtu wa kwetu akionekana uwanjani lazima kuwe na kioja. Historia inasema vingine.

Vita Kuu ya Kwanza iliisha kwetu kwa kuchelewa. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala wa Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mbala iko kama kilomita 100 kutoka Sumbawanga kwa mstari ulionyooka. Mara tu vita vilipokwisha, Waingereza walituma vikosi vya wapimaji kutafuta viwanja vya ndege kutoka Cairo hadi Cape Town. Ndege za wakati ule zilikuwa na matangi madogo, kwa hiyo kila baada ya kilomita mia kadhaa palihitajika uwazi uliosafishwa na mapipa ya mafuta. Abercorn ikawa mojawapo ya vituo hivyo. Kwingineko kwenye njia hiyo, Ndola, vichuguu peke yake viliwachukua mamia ya vibarua miezi kadhaa kuving'oa. Usafiri wa anga katika sehemu hii ya Afrika ulianza kwa jembe na karai, na waliovishika hawakuwa na tiketi.

Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, marubani wa Afrika Kusini, walipita na ndege waliyoiita Silver Queen II. Walikatiza Tanganyika kutoka kaskazini na kutua Abercorn. Ndege nyingine, iliyombeba mwandishi wa gazeti la The Times, ilikuwa imetangulia kuanguka Tabora Februari mwaka huohuo. Silver Queen II nayo haikufika Cape Town. Ilishindwa kupaa Bulawayo, kwenye nchi ya juu yenye jua kali, na marubani wakamalizia safari kwa ndege nyingine.

Hapo pana jambo ambalo msafiri wa nyanda za juu anafaa kulielewa. Hewa ya juu ni nyepesi. Bawa hupata nguvu kwa kupita katika hewa, na hewa ikiwa nyepesi ndege hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja cha kwetu kinahitaji njia ndefu kuliko ambayo ndege hiyohiyo, na mzigo uleule, ingehitaji pwani. Urefu huohuo wa nchi uliotupa baridi na rutuba unaongeza gharama ya kila kiwanja tunachoomba.

Hata hivyo kwa muda fulani njia kuu ya anga ilipita upande wetu. Imperial Airways walianza kuruka kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na Januari 1932 wakaendelea hadi Cape Town. Baada ya Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill. Safari nzima ilichukua kama siku 11, abiria wakilala hotelini kila usiku. Dar es Salaam haikuwemo kwenye njia hiyo. Mtu wa Mbeya angeweza kumwangalia Mwingereza aliyetoka London akinywa chai kabla mtu wa Dar hajamwona.

Hali ilibadilika mwaka 1937. Kampuni ilileta ndege kubwa za kutua majini ili kubeba barua za himaya yote. Ndege hizi hazikuhitaji njia ya kukimbilia, zilihitaji maji yaliyotulia. Njia ikahamia ziwani na pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Uwanja wa Dar ukawa bandari yenyewe. Mbeya ikabaki na upepo wake. Nadhani mwaka huo una maana kubwa kwetu kuliko tarehe nyingi tulizokaririshwa shuleni, kwa sababu njia kuu ilipoteremka pwani haikurudi tena.

Ufipa haikukosa ndege kabisa. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia ya nzige wekundu, na tangu 1949 kulikuwa na shirika la kimataifa la kuwadhibiti lenye makao Abercorn. Lilituma ndege kuwatafuta nzige bondeni na kuwanyunyizia dawa. Kwa hiyo wako wazee wa Rukwa waliozijua ndege kwa miaka mingi kwa kuziona matumbo yake tu, zikipita chini juu ya nyasi za bonde. Neno lenyewe la Kiswahili lina utani wake: ndege ni kiumbe mwenye mbawa, ni chombo, na zamani lilikuwa pia bahati, njema au mbaya, inayomtangulia mtu njiani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za kutua majini zilipitwa na wakati na viwanja vya nchi kavu vikashinda. Dar ilipata jengo la abiria miaka ya 1950 kando ya Barabara ya Pugu, kama kilomita 12 kutoka mjini. Ndilo Jengo la Kwanza la leo, linalotumiwa na ndege ndogo. Ukipanda ndege ya abiria kumi na mbili kwenda Mafia au Selous, utapita humo. Lakini mkubwa wa Afrika Mashariki alikuwa Nairobi. East African Airways, iliyoanza 1946, ilikuwa na makao yake huko, na kiwanja cha Embakasi kilichofunguliwa 1958 kilijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Dar ilikuwa tawi.

Upande wetu, Mbeya iliangaza mara moja kwa namna ya pekee. Mwaka 1962 Nelson Mandela, akiwa ametoroka Afrika Kusini kwa siri, alirushwa na ndege ndogo kutoka Bechuanaland hadi Mbeya, kisha akaenda Dar kumwona Nyerere. Amesimulia katika Long Walk to Freedom jinsi alivyoshangaa hotelini Mbeya kuona Weusi na Weupe wamekaa pamoja. Nchi huru ya kwanza aliyoikanyaga aliingia kwa mlango wa nyanda za juu kusini.

Mwaka 1971 serikali ilifungua uwanja wa Kilimanjaro, kwa hesabu kwamba mtalii wa Serengeti hana sababu ya kushukia Nairobi. Kisha mwanzoni mwa 1977 East African Airways ilisambaratika, Jumuiya ikafuata, mpaka na Kenya ukafungwa. Machi mwaka huo Shirika la Ndege la Tanzania, ATC, likaundwa. Tawi lilikuwa limekatwa shina, na likapaswa kuota mizizi lenyewe.

Kutoka hapo ndipo lilipotokea jengo ninalolipenda kuliko yote Dar. Jengo la Pili lilifunguliwa 1984, kazi ya msanifu Mfaransa Paul Andreu, ambaye miaka kumi kabla alikuwa ametoa Jengo la Kwanza la Roissy, Paris. Ukiwa humo usikimbilie kaunta. Inua macho. Nguzo zinapanda na kutawanyika kama matawi, zikibeba paa kama vile miti ya kando ya barabara inavyobeba kivuli. Msafiri anayengoja chini yake hajifichi jua ndani ya sanduku la kioo. Amekaa chini ya mti, kama tulivyozoea kungoja kila kitu.

Kumbuka lakini ulikuwa mwaka gani. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukamua, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na Aprili ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari. Miaka miwili kabla, Boeing 737 ya ATC ilikuwa imetekwa ikitoka Mwanza na kupelekwa hadi Stansted, watekaji wakidai Nyerere ajiuzulu. Katika nchi iliyokosa dawa ya meno likaja jengo la abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Wapo wanaouita ule ufahari. Mimi naona lilikuwa la lazima, maana nchi isiyo na mlango wake hupita kwa jirani, na jirani akifunga, umekwama. Swali langu ni nani alilipia mlango, na nani aliupita.

Oktoba 1999 mwili wa Mwalimu, aliyefia London tarehe 14, uliteremshwa kiwanjani hapo. Baadaye kiwanja kikapewa jina lake, na Barabara ya Pugu nayo ikaitwa ya Nyerere.

Kufikia miaka ya 2010 abiria walikuwa wamevuka milioni mbili kwa mwaka, na kivuli cha Andreu hakikutosha. Jengo la Tatu, lililojengwa na kampuni ya BAM ya Uholanzi, lilizinduliwa na Rais Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Linachukua abiria milioni sita kwa mwaka na linahudumia safari za nje. Za ndani ziliachiwa la Pili. Usichanganye. Mwambie dereva wa bodaboda au teksi waziwazi, kwa sababu hayajakaribiana kiasi cha kuburuta sanduku na shangazi nyuma yako. Wasindikizaji huishia nje ya mlango, kwa hiyo machozi na dua vimalizwe mapema. Mfuko wa plastiki usiuchukue: umepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na unga wa ulezi aliokufungia mama utauhamishia kwenye kitambaa mbele ya watu.

Jambo moja halimo kwenye mabango ya Jengo la Tatu. Upanuzi wa kiwanja ulihitaji ardhi ya Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, mitaa iliyokuwa na nyumba, makaburi, misikiti na makanisa. Tathmini ilifanyika 1997. Watu wa Kipawa na Kigilagila walilipwa na kuhamishwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Baadhi ya wa Kipunguni walingoja zaidi ya miaka ishirini. Fikiria maana yake: nyumba imeshapigwa namba, huwezi kuongeza chumba wala kuiuza kwa bei ya haki, watoto wanazaliwa na kuoa, na juu ya bati ndege inapita kila siku ikikukumbusha kwamba uondoke lakini bado. Ukitua Dar mchana na kiti chako ni cha dirishani, tazama yale mabati kabla magurudumu hayajagusa lami.

Nalitaja hili kwa kuwa zamu ya Sumbawanga imefika. Kwa miaka mingi kiwanja chetu kilikuwa cha changarawe, ndani ya mji, chini ya milima ya Mbizi, kikipokea viongozi na wagonjwa wachache wenye bahati. Pamoja na Tabora, Kigoma na Shinyanga, kiliingizwa katika mpango wa kuviboresha kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mpango uliokaa kwenye makaratasi miaka mingi kabla ya mitambo kufika. Mama mjamzito anayehitaji upasuaji wa Dar, au mfanyabiashara wa mahindi anayefuata mnunuzi, anastahili njia hiyo ya lami. Mkopo huo tutaulipa sote, na nauli wataiweza wachache. Mtu wa Milanzi anayo haki ya kuuliza yote mawili kwa pumzi moja.

Alama yetu ya herufi tatu, ile inayobandikwa kwenye mizigo duniani kote, ipo tayari. Dar ni DAR. Sisi ni SUT.