Kiti, Mgongo na Biharusi



Kila msimu wa harusi tunasikia lalamiko lile lile. Biharusi amekaa jukwaani tangu alasiri mpaka usiku, mgongo wima, mikono mapajani. Kesho yake watu wanasifia mapambo, yeye anatafuta wa kumkanda kiuno. Leo tukitazame kiti chenyewe, maana nacho kina historia yake.

Hapa pwani kiti kilikuwa cheo kabla ya kuwa pumziko. Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye nakshi za pembe, mgongo mrefu na pa kuwekea miguu, aliwekewa mgeni wa heshima. Aliyekikalia alitakiwa aonekane, na anayetaka kuonekana hatikisiki. Wanawake majumbani walikaa mkekani wakishona kofia na kupiga soga: mara wakunje goti, mara wanyooshe miguu, mara wageukie upande wa pili. Mwili ulikuwa na nafasi yake.

Ulaya na Marekani viti vilienea maofisini na madarasani, na migongo ikaanza kulalamika. Mwaka 1953 daktari Mmarekani, J. J. Keegan, alichapisha uchunguzi wake wa picha za eksirei. Ulionyesha kwamba tukikaa mapaja yamelala sambamba na sakafu, nyonga hurudi nyuma na kiuno hupoteza mkunjo wake wa asili. Miaka ya 1970 daktari mpasuaji wa Denmark, A. C. Mandal, akashikilia kwamba kiti kiinamie mbele.

Huko Norwei, mbunifu Peter Opsvik alikuwa ameshatengeneza kiti cha watoto cha Tripp Trapp mwaka 1972, baada ya kumwona mwanawe mdogo mezani miguu ikining'inia. Mwaka 1979, kutokana na wazo la Hans Christian Mengshoel, yeye na wabunifu wenzake wakatoa viti vya Balans. Kile cha Opsvik, Variable, hakikuwa na egemeo. Pa kukalia pameinama mbele, miundi inapumzika juu ya mito, na chini mna mbao mbili zilizopinda, kama za kiti cha bembea. Ukisogea, nacho kinasogea. Mapaja yanateremka, kiuno kinarudi kwenye mkunjo wake.

Wapo waliolalamika kwamba kinawabana magoti na miundi wakikikalia muda mrefu. Hapo ndipo penye funzo: hakuna mkao mmoja, hata ukiwa mzuri vipi, unaofaa kutwa nzima. Opsvik mwenyewe alisisitiza kwamba mwili unataka kubadilisha mikao.

Sisi tunalijua hilo mara tano kwa siku. Swala inatusimamisha, inaturukuisha, inatusujudisha, inatuketisha kwenye tahiyatu, kisha inatuinua tena. Hatuswali kwa ajili ya mgongo, tunaswali kwa ajili ya Mola wetu, lakini mwili nao unapata haki yake.

Basi dada yetu unayetarajia harusi, zungumza na somo wako mapema. Omba kibao cha kuwekea miguu. Chukua udhu kabla ya kupambwa. Adhana ya Magharibi ikilia, ushikwe mkono, uteremke jukwaani, ukaswali. Wageni watangoja, na kiti kitakungoja.