Myuu: mti wa ubao mgumu uliotupa dawa ya saratani

Mama mdogo alipokuwa akitibiwa saratani ya matiti hapa Maskati, nilimuuliza muuguzi jina la dawa aliyotundikiwa. "Paklitakseli," alinijibu, "na asili yake ni gome la mti." Usiku ule ami akasema: "Basi kwa nini tusiagize hilo gome tukachemsha wenyewe?" Swali hilo ndilo lililonifanya niusome mti huu.

Jina lake la kitaalamu ni Taxus brevifolia. Waingereza huuita yew. Mimi hapa nitauita myuu. Humea pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, tangu kusini mwa Alaska hadi California, chini ya kivuli cha miti mirefu zaidi. Majani yake membamba hubaki mabichi mwaka mzima, na hukua polepole sana.

Ubao wake

Kiini chake ni chekundu cha hudhurungi. Ubao ni mzito, mgumu, nyuzi zake zimeshikana, hauozi upesi, na ukipindwa hurudi. Kwa hiyo wenyeji wa asili wa pwani ile waliuchonga pinde, makasia, mipini ya chusa na kabari za kupasulia magogo. Wakata miti waliokuja baadaye hawakuuthamini. Mara nyingi waliuchoma pamoja na mabaki ya msitu.

Dawa ndani ya gome

Mwaka 1962 magome yake yalikusanywa katika jimbo la Washington kwa ajili ya uchunguzi wa saratani. Wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani walitenga kiini cha dawa, wakatangaza muundo wake mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake walionyesha jinsi inavyofanya kazi: huzuia seli isigawanyike. Marekani iliiidhinisha mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, na 1994 kwa ya matiti.

Tatizo lilikuwa moja: mti ukichunwa gome lote hufa, na gome la mti mmoja halikutosha kumtibu mgonjwa mmoja. Ufumbuzi ulipatikana kwenye majani ya myuu wa Ulaya, ambayo hukatwa yakachipua tena. Kitu kinachotolewa humo hugeuzwa kuwa dawa maabara. Siku hizi hutengenezwa pia kwa seli za mti zinazokuzwa ndani ya matangi.

Jibu la ami

Myuu ni sumu. Majani na mbegu zake zina kitu kinachovuruga mapigo ya moyo, na kuchemsha hakukiondoi. Dawa ya hospitali imesafishwa, na hupimwa kwa kila mgonjwa. Basi tukiwa na mgonjwa nyumbani, tusimchemshie gome lolote kabla ya kumwambia daktari wake. Ami alisikiliza, akanyamaza, kisha akaenda kumtengenezea mama mdogo uji.