Mgane na kalamu yake: Shaaban Robert baada ya Amina

Swali la leo: mwanamke aliyefiwa na mume ni mjane, je, mwanaume aliyefiwa na mke? Niliuliza mezani kantini, watu sita, wote wakasema mjane tu. Kumbe Kiswahili kina neno lake: mgane. Tumelisahau kwa sababu huyo mtu hatumzungumzii.

Mgane maarufu kuliko wote kwenye fasihi yetu ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya kikoloni. Amina alikuwa mke wake wa kwanza. Alipofariki, mumewe alibaki na watoto na kalamu. Shairi alilomtungia limo kwenye Pambo la Lugha, kitabu kilichotoka mwaka 1948.

Sasa liangalieni vizuri. Hawasimulii watu habari za marehemu. Anamsemesha Amina mwenyewe, kana kwamba yuko chumba cha pili. Anamfananisha na ua lililochanua kisha likajifunga. Anamwambia alivyomwombea ainuke, lakini maradhi yakashinda. Anakiri majonzi yake hayasemeki, akiwaza anaona kama ndoto. Halafu kibwagizo kinarudi palepale: fundo la mapenzi yao hakuna wa kulifungua. Kwangu mimi upweke wa shairi uko hapo kwenye kurudia. Watu wameshaanua matanga, wamerudi makwao, yeye bado anasema neno lilelile.

Linganisha na Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, huko pwani ya Kenya. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Humo anamkumbuka marehemu mumewe, kwamba waliishi bila kukorofishana. Lakini halii wazi, huzuni yake anaigeuza kuwa wosia. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe tenzi za wosia, Adili kwa mwana wa kiume na Hati kwa binti. Ila kwa Amina alilia hadharani, tena kwa vina na mizani, enzi ambazo mwanaume kulia ilikuwa aibu.

Ilikuwa? Jamani, kwetu Singida bado ipo. Baba yangu mdogo kule Ikungi alifiwa na mkewe mwaka juzi. Siku ya kuanua matanga kikao cha ukoo kilijadili watoto watakaa na nani na yeye ataoa lini. Hakuna aliyemuuliza usiku analalaje. Aliambiwa "jikaze, we mwanaume", basi. Akawa anaenda kwenye shamba la alizeti alfajiri na kurudi giza limeingia, ili tu asikae ndani.

Ndiyo maana desa zinazopita hapa chuoni zinanikera. "Amina": hesabu mizani, taja vina, toa tashbiha mbili, funga daftari. Walimu wenzangu watarajiwa, darasani tutakuta watoto waliozika mama, na baba zao wamenyamaza tangu siku ile. Mizani tufundishe, sawa. Ila tuwaambie pia kwamba kuna mwanaume mzima, tena mkubwa wa lugha yetu, aliyesema wazi kwamba anaumia.

Je, kwenu mgane huwa anaambiwa nini? Tuambizane.