Aliyeshika Kichwa cha Ngamia

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwa kibanda cha chai hapa Wabera na kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kichinjio cha ngamia. Watafiti wamekuwa wakifika Isiolo kupima ngamia, wakitafuta kile kirusi cha korona kilichotambuliwa kwanza Saudi Arabia mwaka 2012, ambacho ngamia hukibeba. Kazi ya huyu jamaa ilikuwa kushika kichwa cha mnyama ili mtaalamu aingize kijiti cha pamba puani. "Ngamia si mbuzi," akaniambia. "Ukizubaa anakung'ata." Halafu akaniuliza: "Wewe si ulisoma mambo haya? Hizo karatasi zao zikitoka, jina langu litakuwa ndani?"

Nilicheka kwanza. Mimi nilisoma mikrobiolojia miaka miwili tu Nairobi, kisha karo ikanishinda nikapanda basi la kurudi nyumbani. Lakini swali lake nililijua. Lilinisumbua darasani siku tuliyofundishwa habari za Majengo, na mpaka leo sijaliacha.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1980, idara ya mikrobiolojia ya kitabibu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoongozwa na Profesa Herbert Nsanze, ilimkaribisha Allan Ronald, daktari wa magonjwa ya kuambukiza kutoka Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Shida iliyowakutanisha haikuwa ya kifahari hata kidogo: vidonda vya sehemu za siri, ugonjwa uliojaza kliniki ya baraza la jiji kule River Road, ile watu waliyoiita Casino. Mwaka uliofuata akaja kijana wa Ronald, Frank Plummer. Hakuna aliyekuja kwa sababu ya UKIMWI. Hata jina hilo lilikuwa bado.

Ili kujua magonjwa haya yanazungukaje, walienda Majengo, Pumwani, kwa wanawake waliofanya biashara ya ngono. Mwaka 1985 damu yao ikapimwa virusi vya UKIMWI. Madaktari walitarajia kukuta wachache. Karibu theluthi mbili walikuwa navyo tayari.

Hapa ndipo historia nyingi humtaja Plummer na kuendelea mbele. Mimi nataka tusimame kwa Elizabeth Ngugi. Alikuwa nesi, baadaye akawa profesa hapo hapo Nairobi. Yeye aliwaitisha wanawake wa Majengo barazani, wakakaa, wakazungumza, wakachagua viongozi wao wenyewe. Kondomu zikaanza kutumika kwa wingi mahali ambapo karibu hazikutumika kabisa, na mwaka 1988 yeye na wenzake wakachapisha matokeo hayo katika jarida la Lancet la London. Bila baraza lile, nadhani kliniki ingekuwa chumba kitupu chenye friji.

Wanawake waliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, wakatibiwa magonjwa ya zinaa, wakatoa damu. Mwishoni mwa miaka ya themanini watafiti wakaona jambo lisiloingia akilini. Kati ya wanawake 424 walioandikishwa kuanzia 1985 hadi 1994 wakiwa hawana virusi, 239 waliambukizwa. Lakini lilikuwepo kundi dogo lililokaa miaka mitatu au zaidi, kazi ni ile ile, hatari ni ile ile, na virusi havikuwashika. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1996 na dunia nzima ikageuza macho kutazama Majengo.

Kwa nini wao? Watafiti wa Nairobi, Manitoba na Oxford walikuta katika damu ya baadhi yao seli za kinga zinazotambua kirusi na kuua seli kilizovamia, kana kwamba mwili ulikuwa umeshafanya mazoezi. Hapo likaja wazo: tukiweza kuiga mazoezi hayo kwa sindano, tutapata chanjo.

Halafu kuna sehemu ambayo mhadhiri wetu aliisema haraka haraka, mimi nikashindwa kuandika. Mwaka 2001 walichapisha kwamba baadhi ya wanawake hao waliodhaniwa kuwa salama walikuwa wameambukizwa baada ya miaka mingi, na ilihusiana na kupunguza kazi au kuiacha kwa muda. Fikiria hiyo. Mwanamke anapumzika, pengine ameenda kwao kumwona mama, na kinga iliyokuwa ikichochewa kila siku inafifia. Akirudi kazini, anaambukizwa. Kwa sayansi, hilo ni somo kubwa kuhusu jinsi kinga inavyodumu. Kwake yeye, ni bei ya likizo.

Wakati huo chanjo ilikuwa tayari kwa majaribio. Upande wa Nairobi uliongozwa na Profesa Job Bwayo na mpango wa chanjo ya UKIMWI wa chuo, KAVI. Mwaka 2000, kabla ya Wakenya wa kwanza kuchomwa sindano mwaka 2001, zogo likazuka: hataza ya chanjo, yaani ile hati inayosema uvumbuzi ni mali ya nani, ilikuwa imeombwa Uingereza bila majina ya watafiti wa Nairobi. Magazeti yakawaka. Mwishowe wakakubaliana kugawana haki hizo. Chanjo yenyewe haikuamsha kinga ya kutosha, ikawekwa kando.

Mimi nilishangilia maprofesa wetu kudai haki yao. Ila nilijiuliza: kama profesa mwenye ofisi alisahaulika kwenye karatasi, yule wa Majengo aliyenyoosha mkono miaka kumi alikuwa na nafasi gani? Bwayo aliuawa na majambazi Februari 2007. Ngugi alifariki 2015. Plummer alifia Nairobi Februari 2020, alikokuja kwa maadhimisho ya miaka 40 ya ushirikiano ule. Wote watatu waliandikiwa tanzia. Wanawake wale wamo kwenye majarida kama namba.

Nikiwa chuoni nilipita mara nyingi Wabera Street, katikati ya Nairobi, na kila mara nilihisi kama mtu wa kwetu ameniita. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Alipigwa risasi Juni 1963, akauawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Jina lake tunalitaja kila siku tukiita boda. Ndiyo maana nilidhani tatizo la Majengo ni rahisi: wapeni majina, basi.

Yule kijana wa kichinjio ndiye aliyenichanganya. Nilipomwambia nitaandika haya, nikamuuliza niweke jina lake. Akanyamaza, akazungusha kikombe. Akasema hapana, bosi asije akauliza alikuwa anaongea na nani.

Basi nikaelewa kitu sikukielewa darasani. Namba za Majengo hazikuwa dharau tu. Jina likitoka, mwanamke angefukuzwa na mwenye nyumba, watoto wake wangechekwa shuleni. Namba ilimficha, na ikamlinda. Ila kumficha mtu ni tofauti na kusimulia kana kwamba hakuwepo. Unaweza kulinda jina na bado ukasema wazi kwamba maarifa haya yalitoka kwenye mishipa ya watu waliokuja kliniki kwa miguu, mvua au jua, na wakauliza maswali.

Nikamuuliza sasa niandike nini. Akamaliza chai yake.

"Andika tu kulikuwa na mtu aliyeshika kichwa."